Mji Uonekanao kutoka Mlango wa Jikoni: Uhakiki wa «Vocabulaire» ya André Yav

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandishi mengi yaliyokwisha kutolewa kuhusu mji wa Lubumbashi, ni machache mno yaliyotungwa na wakaaji wake wenyewe kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, kazini na sokoni. Ripoti za kampuni, kumbukumbu za watawala, vitabu vya wasafiri na tasnifu za vyuo vikuu vimejaza rafu kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mji, hutajwa ndani ya vitabu hivyo kama kitu cha kuchunguzwa, wala si kama sauti inayochunguza. Ndiyo sababu kijitabu cha mwaka 1965 kiitwacho «Vocabulaire de ville de Elisabethville» kinastahili kusomwa tena, na kusomwa kwa makini. Jina lake ni la Kifaransa. Matini yake ni Kiswahili cha Katanga. Aliyekikusanya na kukipanga ni André Yav, akisema kwa niaba ya wenzake waliotumikia wazungu majumbani, yaani wale walioitwa «baboyi».

Kijitabu hicho kilikuwa karibu kusahauliwa. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, alikitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza na insha ndefu ya ufafanuzi, katika kitabu alichokiita «History from Below». Tangu hapo wanahistoria wamekitumia kama chemchemi ya habari, na wanaisimu kama ghala la mifano. Ni mara chache kimesomwa kama utungo, yaani kama kazi iliyopangwa na watu waliojua wanachotaka kusema na walivyotaka kukisema.

Makala haya yanakisoma kwa namna hiyo ya tatu, yakiongozwa na swali moja: kuna maana gani kusema kwamba mtu anaujua mji kama wenyeji wanavyoujua? Swali hilo laonekana jepesi. Msafiri wa leo huahidiwa kwamba akila bukari na sombe katika soko la Kenya, akipanda basi dogo pamoja na umati wa asubuhi, akionja munkoyo kwenye kibuyu, atakuwa ameuonja mji wenyewe. Hakuna ubaya katika hayo. Chakula ni kizuri na basi hufika liendako. Lakini Yav na wenzake wanaonyesha kwamba kuujua mji ni jambo lenye gharama, na kwamba neno «mwenyeji» lenyewe halina budi kuulizwa maana yake kabla ya kutumiwa.

2. Jina la kitabu na deni la zamani

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji ni jina. Anafungua kitabu kiitwacho «Vocabulaire» akitazamia orodha ya maneno na maana zake. Badala yake anakutana na historia: wafalme, vita, reli, mabwana na watumishi wao, mji unaozaliwa na kukua. Wasomaji wengine wamedhani kwamba watungaji hawakuielewa vema maana ya neno hilo la Kifaransa. Dhana hiyo ni nyepesi mno, na yafaa ikataliwe.

Yafaa kukumbusha kwamba wakati wa ukoloni, «vocabulaire» lilikuwa jina la aina maalumu ya kitabu. Mzungu aliyefika Katanga alipewa au alinunua kijitabu cha maneno ya Kiswahili ili aweze kuishi na kuagiza. Vijitabu hivyo, ambavyo Fabian alivichunguza katika kazi yake ya mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, vilijaa vitenzi vya amri. Leta, chukua, funga, osha, ngoja, nyamaza: hiyo ndiyo sarufi iliyomtosha bwana. Maswali yalikuwa machache, na yale yaliyokuwapo yalitaka jibu la neno moja. Hakuna aliyemfundisha mgeni namna ya kumsikiliza mtu akisimulia maisha yake, kwa kuwa hapakuwa na haja.

Sasa, ni nani aliyeambiwa maneno hayo kila siku, miaka kumi, ishirini, thelathini? Ni boyi. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kila amri. Aliijua «vocabulaire» hiyo kuliko bwana aliyeisoma kitabuni, maana aliisikia kwa masikio na kuijibu kwa mikono. Basi watumishi wa zamani walipokutana kutunga kitabu chao na kukiita «Vocabulaire», si lazima kuona kosa la tafsiri. Yawezekana kabisa kuona humo ulipaji wa deni: bwana alikuwa na kitabu cha maneno yake kwa mtumishi, haya sasa ndiyo maneno ya mtumishi juu ya bwana, na juu ya mji ambao wote wawili waliukaa bila kuukaa pamoja. Nusu iliyokosekana ya mazungumzo imeandikwa hatimaye.

Kama usomaji huu ni sahihi, muundo wa kitabu unaanza kueleweka. Historia hairuki huku na huku kwa sababu watungaji hawajui kupanga. Inakwenda kama yanavyokwenda maelezo ya neno gumu: neno moja huita tukio, tukio huita jina la mtu, jina huita kazi aliyoifanya, na kazi hurudisha msimulizi kwenye neno lingine. Ni kamusi isimuliwayo.

Kuna tarehe moja pia inayostahili kuzingatiwa. Kitabu kilikamilishwa mwaka 1965. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mobutu alitwaa madaraka, na mwaka 1966 jina la Elisabethville likafutwa, mji ukaitwa rasmi Lubumbashi, kwa jina la mto ambao wakaaji walikuwa wakiutaja siku zote. Kwa hiyo watungaji waliliandika jina la Elisabethville katika mwaka wake wa mwisho au karibu nao. Hawakujua litafutwa, lakini walijua kwamba kizazi chao kinaondoka. Mabwana wengi walikwisha kwenda baada ya uhuru wa 1960. Vita vya kujitenga kwa Katanga vilikwisha mwanzoni mwa 1963. Kazi ya boyi, kama walivyoijua, ilikuwa inazeeka pamoja nao. Waliandika wakati ushahidi ulikuwa bado na mashahidi.

3. Watu waliovuka mpaka kila siku

Ili kuelewa kwa nini watumishi, na si wengine, ndio walioandika kitabu cha mji, ni lazima kukumbuka jinsi mji ulivyojengwa. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mji ukapimwa kwa barabara zilizonyooka kando ya kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Union Minière. Tangu miaka ya mwanzo kulikuwa na miji miwili: upande mmoja «la ville», makao ya wazungu, na upande mwingine «la cité», makao ya Waafrika, na kati yake nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi kwa jina la afya. Kamalondo ndiyo iliyotangulia miongoni mwa makao hayo ya Waafrika yanayokumbukwa hadi leo. Kenya, Katuba na Ruashi zikafuata. Wafanyakazi wa kampuni na wa reli walikaa katika kambi zao, wakipewa mposho na nyumba, wakihesabiwa na kusimamiwa.

Katika mpango huo kila mtu alikuwa na mahali pake. Mchimba madini alijua kambi na kiwanda. Mzungu alijua ofisi, klabu, kanisa na bustani yake. Cité aliiona kutoka garini, kama aliiona. Mtumishi wa nyumbani peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa, tena amri, ya kuwa mahali pote pawili. Asubuhi aliivuka ile nafasi tupu. Jioni, kabla ya saa ya kufungwa njia, aliivuka tena. Au alilala katika boyeri nyuma ya kiwanja cha bwana, akawa ndani ya mji wa wazungu bila kuwa mkaaji wake. Alijua bei ya nyama ya bwana na bei ya unga wa nyumbani kwake. Alijua ni nani aliyekunywa usiku, ni nani aliyelia, ni nani aliyeandika barua ya kumshitaki mwenzake. Alisikia mezani habari ambazo Kamalondo ingezisikia baada ya wiki, na alisikia Kamalondo habari ambazo mezani hazingesikika kamwe.

Hapa ndipo tofauti kati ya msafiri na mwenyeji inapojitokeza wazi. Msafiri atakaye kuishi «kama wenyeji» huchagua anachokitaka katika maisha ya watu: chakula, muziki, mwendo wa barabarani. Akichoka hurudi hotelini. Boyi hakuchagua kuuona mji kutoka pande mbili. Aliwekwa mahali ambapo hakuweza kuuona vinginevyo. Ujuzi wake ni wa lazima, na kwa sababu hiyo ni mpana kuliko ujuzi wa yule anayependezwa.

Ujuzi huo unaonekana hata katika majina. Ramani ya kampuni iliandika «Étoile». Watu waliuita mgodi huo Kalukuluku. Wazungu nao walibatizwa upya, kila mmoja kwa tabia yake, mwendo wake au neno alilozoea kulisema, na jina hilo likawa ndilo la kweli kwa watu, hata kama mwenyewe hakulijua mpaka siku anaondoka. Ni desturi iliyoenea katika Kongo yote tangu Stanley alipoitwa Bula Matari, mvunja mawe, na dola zima likarithi jina la mtu mmoja. Jina la utani si mchezo tu. Ni hukumu fupi ambayo mhukumiwa hawezi kuikatia rufani, kwa kuwa haijui lugha iliyotolewa.

Hali hiyo hiyo humsaidia msomaji kuelewa masimulizi mengine ya Katanga ambayo wageni huyacheka, kama yale ya batumbula, watu waliosadikiwa kuwakamata Waafrika usiku na kuwapeleka kwa wazungu ili waliwe. Anayeyapima kwa swali la «je, ni kweli?» atayatupa upesi. Anayekumbuka kwamba yalisimuliwa na watu walioona malango yakifungwa, wenzao wakipelekwa buloko bila maelezo, na kazi ikimaliza miili ya vijana, atasita kabla ya kucheka. Hofu nayo ni maarifa ya mji, ijapokuwa si maarifa ya polisi.

4. Lugha: kosa au ushahidi?

Pingamizi kubwa dhidi ya kitabu hiki, hasa miongoni mwa walimu, ni lugha yake. Maneno yameunganishwa mahali yalipopaswa kutengana na kutenganishwa mahali yalipopaswa kuungana. Alama za kituo hazifuati kanuni. Neno moja laweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu hukwama katika mistari ya kwanza, na mwanafunzi akipewa ukurasa mmoja hukimbilia kalamu nyekundu.

Pingamizi hilo lina ukweli, lakini halina haki. Ukweli wake ni kwamba maandishi ni magumu. Kosa lake ni kudhani kwamba ugumu huo unatokana na ujinga wa watungaji. Kiswahili cha vitabu vilivyotumika shuleni hakikuwa Kiswahili cha nyumba zao; kwa Kiswahili cha nyumba zao hapakuwa na kitabu wala kanuni. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuwaonyesha mipaka ya maneno waliyoyasema tangu utoto. Waliandika wanachokisikia. Ndiyo sababu njia iliyofuatwa kwa toleo la 1990 ilikuwa ya busara: Kalundi Mango, mtu aliyeimiliki lugha ya mji, aliyasoma maandishi kwa sauti, na mara yakafunguka. Yaliyokuwa fumbo kwa jicho yakawa mazungumzo kwa sikio. Aliyejaribu kufanya hivyo darasani anajua kwamba mwanafunzi wa Katuba husoma ukurasa huo kwa sauti bila taabu kubwa, hali mwenzake aliyezoea vitabu vya Dar es Salaam hubaki akitazama.

Kuna jambo zito zaidi ya tahajia. Kiswahili cha Lubumbashi kina maumbo ambayo mhariri akiyasahihisha huondoa maana pamoja na «kosa». Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni kiambishi -ak- cha vitenzi. Mkaaji wa Lubumbashi husema «balikuwaka», «balisemaka», na kwa umbo hilo humweleza msikilizaji kwamba jambo ni la zamani, tena lilikuwa mazoea. Kuandika «walisema» ni kulifanya tendo la siku nyingi kuwa tendo la mara moja. «Walikuwa wakisema» yakaribia, lakini huleta uzito ambao msimulizi hakuutaka. Historia ya watumishi ni historia ya mazoea: amri ile ile, njia ile ile, miaka na miaka. Si ajabu kwamba umbo hilo liwafae.

Wa pili ni viambishi ka- na tu-, ambavyo wenyeji wamevipata katika lugha zao za asili, kama Kiluba na Kibemba. «Kanyumba» si «nyumba ndogo» tu. Ni nyumba inayotazamwa kwa huruma, au kwa dharau, kulingana na sauti ya msemaji.

Wa tatu ndio mzito kuliko yote: kitenzi «kutumika». Katika Kiswahili sanifu cha leo, kitu kinachotumika ni kile ambacho mtu mwingine anakitumia: kisu, fedha, neno. Lubumbashi, «kutumika» ni kufanya kazi. Mtu hutumika katika kampuni, hutumika kwa mzungu, hutumika tangu ujana hadi uzee. Mwanaisimu ataeleza kwamba mzizi ni «tuma», kwamba «mtumishi» na «utumishi» vimetoka humo humo, na kwamba hata Kiswahili cha pwani cha zamani kililijua neno hilo kwa maana ya kuhudumu. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini msomaji atokaye nje, akisikia mzee akisema kwamba alitumika miaka thelathini, husikia bila kutaka kwamba mzee huyo alikuwa chombo mkononi mwa mwingine. Na mzee mwenyewe hasemi hivyo. Asema kwamba alifanya kazi, na anaona fahari. Maana hizo mbili zimekaa ndani ya neno moja kama wapangaji wawili katika chumba kimoja. Mhariri akiweka «nilifanya kazi» anamfukuza mmoja wao. Kitabu kizima cha Yav kinaishi katika nafasi hiyo, kati ya fahari ya kazi na uchungu wa kutumiwa.

Msamiati wa jikoni wenyewe ni ramani. «Boyi» ni neno la Kiingereza. «Kapita» na «matabishi» ni ya Kireno, na yalikuja kwa njia za biashara za magharibi. «Mposho» lilikuja na misafara ya mashariki. «Buloko» limetoka katika Kifaransa. Kabla ya Kiswahili kushika nguvu migodini, Kikabanga, lugha ya amri iliyotoka kusini, kilisikika pia. Utawala wa Kibelgiji uliogopa ushawishi wa Waingereza wa Rhodesia, na hofu hiyo ilikuwa moja ya sababu za Kiswahili kupendelewa. Basi anayekisafisha Kiswahili hiki ili kifanane na cha Zanzibar anafuta njia ambazo watu wenyewe walizipita hadi kufika Katanga.

5. Mipaka ya macho ya jikoni

Kutetea kitabu si kukisifu bila kipimo. Baadhi ya wasomaji, kwa nia njema, wamekipokea kama «sauti ya wananchi», kana kwamba wananchi ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Sifa hiyo nayo yapaswa kupunguzwa.

Kwanza, ni sauti ya wanaume. Katika Kongo ya wakoloni kazi ya nyumbani ilikuwa karibu yote mikononi mwa wanaume, na wanawake wa mji hawasemi kwa kinywa chao wenyewe ndani ya kitabu. Mwanamke aliyeuza makala au unga, aliyepika pombe kwa kujificha, aliyemngoja mumewe hadi saa ya kufungwa njia, alikuwa na «vocabulaire» yake, na haikuandikwa. Pili, jikoni si kiwandani. Mambo ya Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, yanajulikana na mji wote. Lakini kuyajua kwa kuyasikia upande wa nyumba ya bwana ni tofauti na kuyajua kwa kuwa uwanjani. Tatu, miaka na watawala huchanganyika mara kwa mara, na mwanahistoria anayetafuta mfuatano wa matukio hana budi kutafuta kwingine. Nne, kuna upole kwa baadhi ya mabwana ambao kizazi cha leo hukiona kama udhaifu. Pengine ni udhaifu kweli. Pengine pia ni haki ya shahidi aliyekaa karibu, anayekataa kusema kwamba watu wote walikuwa sawa wakati aliona kwa macho yake kwamba hawakuwa sawa.

Mipaka hiyo huonekana vizuri zaidi kitabu kikiwekwa kando ya kazi nyingine za wenyeji. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alimchorea Fabian mnamo 1973 na 1974 historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja, akizieleza kwa Kiswahili, na mauaji ya wagomaji yamo. Yeye alijiita mwanahistoria, akatazama taifa lote. Kundi la Mufwankolo lilichukua maisha ya mji na kuyafanya mchezo wa kuigiza, redioni na kwenye televisheni, likiwachekesha watu kwa lugha yao wenyewe. Baadaye Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliweka picha za kale za wafanyakazi juu ya picha za viwanda vilivyobomoka. Kila mmoja ana mlango wake wa kuuona mji. Yav na wenzake waliuona kutoka mlango wa jikoni, na ubora wao ni kwamba hawakujifanya wamesimama mahali pengine.

Hapa ndipo swali la mwanzo linaporudi na uzito wake wote. Neno «mwenyeji» si neno la starehe katika Katanga. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na wale waliozaliwa karibu na migodi. Hata hivyo, kati ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya mkoa huu, hasa Likasi na Kolwezi, kwa hoja kwamba hawakuwa wenyeji. Wengi wao walikuwa wamezaliwa papo hapo, na babu zao walikuwa wametumika papo hapo. Wengine walikufa katika stesheni na njiani. Hoja iliyowafukuza ilikuwa ya damu na asili.

Kitabu cha 1965 kina hoja nyingine, isiyopigiwa kelele. Watungaji wake hawadai mji kwa sababu ya kaburi la babu. Wanaudai kwa sababu ya kazi: walikuwapo, waliona, walitumika, wanaweza kushuhudia. Mwenyeji, kwa kipimo hicho, ni yule ambaye mji hauwezi kuelezwa bila yeye. Ni kipimo kigumu, kwa kuwa kinawatoa nje mabwana waliokaa miaka ishirini bila kujua jina la mtaa alikolala mpishi wao. Ni kipimo kipana pia, kwa kuwa hakimwulizi mtu baba yake alitoka wapi. Yeyote asemaye kwamba «Vocabulaire» ni masalio ya lugha iliyoharibika, na aulize ni maandishi gani ya Kiswahili sanifu yaliyowahi kutoa kwa mji huu fasili ya uenyeji iliyo bora kuliko hiyo.

Na fasili hiyo haijazeeka. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Nao walisema kwamba walitumika. Aliyesoma kitabu cha Yav analisikia neno hilo kwa maana zake zote mbili.

6. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha mambo matatu. Jina la kitabu halina kosa. Linageuza silaha ya bwana kuwa kinywa cha mtumishi. Lugha yake si uchafu wa kusafishwa; ni ushahidi ambao, ukisahihishwa, unapungua. Mtazamo wake una mipaka, na mipaka hiyo yatokana na mahali waliposimama watungaji, wala haifuti thamani ya walichokiona.

Kutokana na hayo, mapendekezo machache yanafuata kwa wanaofundisha Kiswahili katika vyuo vya Kongo. Kitabu kisomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa lolote ubaoni. Wanafunzi wapewe maandishi kama yalivyo, na karibu yake unukuzi unaosomeka. Kiswahili sanifu kije mwisho, kama tafsiri, kisije mwanzo kama hukumu. Mifano kama «kutumika» ijadiliwe kwa kuulizwa wazee wa mitaa, maana wangali wapo waliowatumikia wazungu au waliolelewa na watumishi hao, na idadi yao inapungua kila mwaka. Hatimaye, nafasi tupu zilizoachwa na kitabu, hasa ya wanawake wa mji, zichukuliwe kuwa kazi iliyobaki. Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba zina wanawake wanaoweza kusimulia mji kutoka sokoni, kisimani na wodi ya uzazi. Kitabu chao bado hakijakusanywa, na hakitangoja muda mrefu.